Mama Anauliza Kama Zimenukia

Jumamosi, 8 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na maharagwe yameungua. Mama mkwe wangu alikuwa sebuleni anakunja nguo, mlango wa jikoni uko wazi mgongoni kwake. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuja kutembea akakuta moshi umefika kwenye mapazia na mama yake anamkaribisha kwa furaha, anamuuliza kama amelowa.

Wifi tunamwita Mkaguzi. Ndiyo kazi yake, lakini hata angekuwa anauza maua tungemwita hivyo hivyo. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta amesimama katikati ya jiko, sufuria nyeusi mkononi kama kizibiti.

"Mvua zikiisha, mama anahamia kwangu," akasema. "Chumba kipo, mtu wa kumwangalia yupo. Leo maharagwe, kesho itakuwa gesi."

"Siendi," akasema mama.

"Mama, moshi wote huu hukuuona?"

"Nilikuwa na mawazo yangu. Na mtu anayeoka mapacha hapelekwi kulelewa kwa watu."

Mapacha ni keki za ukoo huu: keki mbili ndogo za duara, nyepesi, zimegandishwa kwa krimu katikati. Mama alifundishwa na mama yake. Hazijapikwa humu tangu mwaka jana, na Mkaguzi hakusita kulisema hilo. Basi wakaelewana, kama kule kunaitwa kuelewana. Mvua zikiisha watoto wake wote watakutana hapa, mama atawatolea mapacha kutoka jikoni mwake, na hapo itajulikana kama bado anamudu nyumba yake au anafungashiwa mizigo. Kisha mama akanigeukia mimi. Bega linamuuma, akasema. Mikono itakuwa yangu, yeye atasimamia.

Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu: nilipomsikia wifi, nilifurahi. Mama akienda, jiko litakuwa langu. Tangu tuhamie humu sijawahi kuweka kijiko mahali nikakikuta hapo hapo.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Sufuria haisuguliki.

Jumamosi, 15 Machi

Somo la kwanza. Mayai na sukari vichapwe mpaka viwe vyeupe. Unga uchekechwe juu yake na kuchanganywa taratibu, kama unamfunika mtoto aliyelala. Mchanganyiko uchotwe kwa kijiko, uwekwe kwenye trei vidonge vidonge, uingie kwenye oveni. Zikitoka zipoe, kila moja itafutiwe mwenzake wa kimo chake, zipakwe krimu, zilale kwenye bati lenye kifuniko mpaka krimu izilainishe. Hadi hapo nilikuwa mwanafunzi mwema.

"Zikae ndani dakika ngapi?" nikauliza.

"Mpaka zinukie."

"Zinukie nini?"

"Zinukie zimeiva. Utajua."

Mimi ni mwalimu wa udereva. Siku nzima nimekaa kiti cha abiria nawaambia watu wazima: kanyaga klachi, achia taratibu, tazama kioo. Sijawahi kumwambia mwanafunzi "endesha tu, utajua". Tungekuwa mtaroni sote.

Mama alikaa kwenye kigoda chake pembeni ya oveni, na kila nikigeuka ananiuliza, "Zimenukia?" Nikasema sijui. Nikatoa trei ya kwanza, keki zimepauka. Akauliza tena, "Zimenukia?" Trei ya pili ikatoka ngumu kama soli.

Kwenye nyumba hii hakuna anayegusa mapacha kabla mama hajaonja, hata aliyeyapika. Hata kulamba kijiko ni mwiko. Wote tunakaa mikono mapajani, tunamtazama mdomo. Akatafuna, akameza, akafuta midomo kwa kitambaa.

"Bado," akasema.

"Bado nini, Mama?"

"Bado tu."

Mume wangu alikula sita, akasema tamu. Huyo ukimchemshia sabuni atasema tamu.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Mwanafunzi kagonga pipa la taka, kanilaumu mimi.

Jumamosi, 22 Machi

Mume wangu nyumbani anaitwa Fundi, kwa kejeli. Jana alitengeneza mashine ya kuchapia mayai. Leo nimeiwasha, nikaingia stoo kufuata unga, kurudi nakuta waya nyuma ya mashine unafuka na jiko zima linanuka plastiki. Mama amekaa kando yake kwa utulivu kabisa, anaitazama inavyozunguka. Nikarukia swichi.

"Mama, si ungenipigia kelele? Inaungua."

"Nilidhani ndiyo sauti yake mpya."

Nimechapa mayai kwa mkono mpaka bega langu ndilo linalouma kweli. Keki zikaingia. "Zimenukia?" Nikasema zinanuka waya. Hakucheka. Akaonja.

"Bado."

Jumamosi, 29 Machi

Bado.

Mvua haikatiki na keki zinanyonya unyevu wa hewa. Zinatoka kavu, baada ya muda mfupi zinanata vidoleni. Nikamuuliza mama yeye hufanyaje wakati wa mvua. Akasema hakumbuki kama iliwahi kumsumbua.

Jioni alipika yeye mchuzi, akatia chumvi, akaonja, akatia tena, akaonja, akatia tena. Mume wangu, yule wa tamu, aliweka kijiko chini akanywa maji mpaka jagi likaisha. Mama alikula sahani yake yote akitutazama kwa zamu, na mimi nikajiambia kwamba mwanamke huyu anatukomoa.

Jumamosi, 5 Aprili

Bado. Safari hii niling'ang'ania. Nikamwambia, "Mama, kama ni sukari sema sukari, kama ni unga sema unga. Mtu anajirekebishaje kwa bado?" Akasema mama yake naye hakuwa msemaji. Nikaenda kuosha trei kwa kishindo mpaka mume wangu akaja kuchungulia.

"Mvumilie," akaniambia. "Mama ndivyo alivyo."

"Wewe umewahi kumwoshea trei?"

Akakumbuka ana kitu cha kutengeneza nje, kwenye mvua.

Mkaguzi kapiga simu. Sauti yake leo ilikuwa ya chini. "Wifi, mimi siyo adui. Nikiwa ofisini nawaza lile jiko, nikiwa njiani nalo lile jiko. Niambie ukweli, anaweza?" Nikamwambia ningekuwa yeye ningekuja kumchukua hata kesho. Nilipokata simu nikamwona mama kwenye mlango wa korido, ameshika beseni la nguo. Sijui alisikia kiasi gani. Aliniuliza kama nguo nyingine zimekauka.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Siongei na mtu.

Jumamosi, 12 Aprili

Umeme umekatika tangu juzi kwa mvua. Nilitoka kufundisha nimelowa mpaka soksi, mwanafunzi wangu kafeli mtihani kwa kupita taa nyekundu aliyoiona vizuri, na mama alikuwa tayari kwenye kigoda. Oveni ni ya gesi, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Nikaoka. Akauliza kama zimenukia, nikasema ndiyo, ndiyo, zimenukia, ili aninyamazie tu. Nikatoa krimu kwenye friji. Friji yenyewe ilikuwa na joto la kabati. Nikaichapa hivyo hivyo, nikamwagia vanila mara mbili ya kawaida kwa hasira, nikapaka, nikapanga kwenye bati. Sikuonja, kwa sababu sheria ni sheria.

Jioni ilipoanza kuingia tukakaa mezani. Mama akachukua pacha moja, akalila lote. Akalamba na kidole. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko siku zote, mpaka nikahisi uso wangu unawaka.

"Leo zimekuwa," akasema. "Leo umefika, mwanangu."

Nakiri kwamba machozi yalinilenga. Wiki zote hizi, mkono umenivimba, na ghafla ninaitwa mwanangu. Nikachukua langu nikauma.

Krimu ilikuwa imechacha. Siyo kuchacha kwa kubahatisha. Imechacha ya kumwamsha mgonjwa. Nikakimbilia sinki. Mume wangu alikuwa ameshafungua mdomo, nikampokonya.

"Mama, hizi zimeharibika," nikasema.

"Si sana," akasema. Halafu akachukua la pili, akalila lote mbele yangu, akinitazama usoni.

Nilisema mambo. Nilisema kama ananidharau aseme, asinichezee kama mtoto. Nilisema nimemwokea Jumamosi baada ya Jumamosi keki za kuokoa nyumba yake mwenyewe, na yeye kazi yake ni kunikejeli. Nilisema hata akienda kwa Mkaguzi sitalia. Mume wangu aliniambia basi, basi. Mama alikunja kitambaa chake mara nne, akaenda chumbani kwake.

Nimeandika haya yote na bado damu inanichemka.

Jumapili, 13 Aprili

Mama ameshinda chooni. Asubuhi yote, mlango unafunguka, mlango unafungwa. Mume wangu anazunguka korido anauliza, "Mama, nikuletee nini?" na sauti inajibu, "Niletee amani."

Nilimpelekea maji ya chumvi na sukari. Alikuwa amejilaza ubavu, mdogo kitandani, amefungwa kitambaa kichwani. Akanywa kikombe chote bila kukunja uso. Nami nilijua kilivyo, kwa sababu wakati wa kuchanganya nilikuwa nimezidisha chumvi kiasi cha kumtapisha ng'ombe.

Nikabaki nimesimama na kikombe kitupu. Mtu anaweza kula kitu kilichochacha ili kumkomoa mkwe. Lakini hawezi kukilipia siku nzima chooni kwa makusudi. Nikakumbuka maharagwe. Nikakumbuka waya unafuka na yeye anaitazama mashine. Nikakumbuka chumvi kwenye mchuzi, na macho yake yakituzunguka mezani. Hakuwa anatukomoa siku ile. Alikuwa anasoma nyuso zetu ajue amepika nini.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. "Mama, tangu lini husikii harufu?"

Akageukia ukutani.

"Tangu yale mafua ya kabla ya mvua," akasema. "Ladha nayo ilikwenda. Wali, sabuni, yote karatasi. Nikila nakumbuka tu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nikisema leo, leo hii nimefungashiwa. Nilisema nisubiri, itarudi. Nikajua kama kuna kitu cha kuirudisha ni mapacha."

"Na zile bado zote?"

"Ningesema nini? Nikisema zimekuwa na hazijakuwa, mtanijua. Nikisema bado, hakuna anayebisha." Akavuta shuka. "Jana ulikuja umelowa, uso umekusawajika. Nikasema leo nimpe. Nikachagua siku mbaya."

Nilicheka, na katikati ya kucheka nikalia, na katikati ya kulia nikataka kumtikisa mabega. Wiki zote anakaa kwenye kigoda ananiuliza kama zimenukia, nami nikidhani ananipima. Kumbe mtu alikuwa anauliza swali. Na mimi nikamjibu ndiyo, ndiyo, ili aninyamazie.

"Usimwambie dada yako," akasema. Kwake Mkaguzi ni dada yangu, si wifi.

"Mama, gesi sasa."

"Usimwambie."

Nikatoka nikafunga mtungi. Kuanzia leo naufunga mimi na kuufungua mimi. Nimeudhika naye kuliko jana, lakini siyo kwa jambo lile lile.

Jumanne, 15 Aprili

Nimempeleka kwa daktari. Kasema huenda ikarudi, huenda isirudi. Mama kamwambia hilo hata yeye alilijua, na hakusomea.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo tumepika watu wawili. Mimi pua, yeye mengine yote.

"Niambie unasikia nini," akasema, kigoda chake kimesogea mpaka kinagusa oveni.

"Yai."

"Acha."

"Bado yai. Yai na unga."

"Acha."

"Sasa ni sukari. Kama sukari inayotaka kuungua lakini inaogopa."

"Toa."

Nikatoa. Zilikuwa na rangi niliyowahi kuiona mara moja tu, siku ya kwanza nilipoletwa nyumba hii, nimekaa kwenye ukingo wa kiti na sahani mapajani, nikihofia kudondosha makombo. Mama akachukua moja, akaisogeza sikioni, akaigonga kwa ukucha.

"Ina maji ndani. Sikia."

Sikusikia kitu. Akagonga tena. Akaniambia nizime oveni, nizirudishe, na mlango niuwekee kijiko usijifunge. Tulizitoa zimepoa, akagonga tena, na safari hii hata mimi nilisikia: mlio mkavu, kama kugonga sanduku tupu la kiberiti. Hazikunata. Kwa nini hakuniambia haya tangu mwezi Machi? Nilimuuliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya upole.

"Sikuwa najua ninayajua," akasema. "Vidole vilikuwa vinafanya, pua ndiyo inaamrisha. Pua ilipoondoka, na vidole vikanyamaza."

Nilipoonja, yeye akanitazama mdomo. Nikamwambia ukweli: ukingo sawa, ndani sawa, krimu nyepesi mno, imekimbilia pembeni. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika kama mtu aliyeletewa barua kutoka mbali.

Bado ananiudhi. Amehamisha vijiko tena.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua za rasharasha. Krimu imekuwa nzito, lakini inashika. Tumepanga ishara ya siku yenyewe: zikiwa nzuri nitagusa hereni, naye atasema zimekuwa. Zikiwa mbaya nitashika meza. Mama kanifanyisha mazoezi mara kadhaa kama jeshini. Nikamwambia nina wasiwasi na jambo hili. Akasema wasiwasi niuache nje na viatu.

Ijumaa, 2 Mei

Jua. Matope ya uani yameanza kupasuka. Mkaguzi anakuja kesho.

Jumamosi, 3 Mei

Walikuja wote mchana: Mkaguzi na mume wake, na shemeji yangu mdogo na mke wake. Mkaguzi hakuketi. Alipita jikoni kwanza, akafungua kabati, akagusa jiko, akatazama dari mahali moshi ulipoacha alama. Akakuta kila kitu kinang'aa, na hilo nadhani lilimpa mashaka zaidi.

Nikaleta sinia la mapacha. Nimeyapanga mwenyewe, nimeyanyunyizia sukari ya unga, na sitaki kujisifu lakini shemeji mdogo aliguna. Wote mikono mapajani. Mama mbele ya sinia, amevaa gauni lake la kijani. Mimi nimekaa mkabala naye, hereni sikioni.

Akachukua moja. Akauma. Akatafuna polepole. Macho yake yakanijia, nami nikasahau: mimi mwenyewe sikuwa nimeonja. Sheria ni sheria. Katika mazoezi yetu yote, hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba mezani yeye ndiye anayeanza, na mimi nitakuwa sina cha kumwambia. Nikakaa namtazama, mkono wangu uko hewani katikati ya sikio na meza.

Mkaguzi akanitazama, akamtazama mama. "Kuna nini?"

Mama akaona mkono wangu, akaelewa. Nilimwona akiinua kidevu, tayari kusema lile lile la siku zote, ambalo hakuna ambaye angelibisha. Kisha akaliweka pacha kwenye sahani, likiwa na alama ya meno yake.

"Mimi sisikii ladha," akasema. "Wala harufu. Tangu kabla ya mvua. Keki hizi sijui zikoje. Muulizeni yeye."

Mkaguzi uso ulimwanguka, na kwa mara ya kwanza sikumwona mkaguzi, nilimwona mtoto wa mtu.

"Mama, kwa hiyo maharagwe yale." Akageuka kuutazama mlango wa jikoni. "Hiyo ndiyo sababu zaidi ya kuondoka. Huwezi kukaa na gesi usiyoisikia."

Mama alikuwa anakunja kitambaa. Mara ya kwanza, mara ya pili.

"Haendi," nikasema.

Wote wakageuka. Mimi ndiye niliyemwambia wifi aje hata kesho, na wifi alilikumbuka hilo, niliona machoni kwake.

"Pua humu ndani zipo," nikasema. "Mtungi naufunga mimi kila siku. Mama haendi popote, sijamaliza kujifunza."

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia, kwa sauti ninayoitumia mwanafunzi akikaribia ukuta. Mkaguzi akanitazama kwa muda. Mwishowe mume wangu, maskini, akauliza, "Sasa tunakula au hatuli?"

Hapo ndipo nilipogundua wote bado mikono iko mapajani. Na hawakuwa wanamtazama mama. Mama mwenyewe alikuwa amelisukuma sinia mpaka mbele yangu.

Nikachukua moja, nikauma. Nikatafuna sana, kwa sababu sikutaka kudanganya mtu kwenye meza ile. Ukingo ulivunjika kidogo, ndani ikalainika. Harufu ilikuwa ile ya siku ya kwanza niliyoketi ukingoni mwa kiti.

"Bado kidogo," nikasema.

"Bado nini?" akauliza mama.

"Krimu. Nimeichapa mno."

Mama akacheka mpaka akajishika ubavu. "Afadhali wewe," akasema, "unasema ni nini."

Mkaguzi akajifuta macho kwa kiganja, akanyoosha mkono, akachukua la kwake.

"Nitakuja kila Jumamosi kuukagua huo mtungi," akasema, mdomo umejaa.

"Njoo na krimu," akasema mama.